Haji Diriye na Nguo Isiyoshonwa

Nyinyi vijana wa cherehani za umeme pale mtaa wa Iftin mnanicheka, najua. Nikipita barazani kwenu mnaambizana, Mzee Fundi anakuja, ficheni mikasi. Ni kwa sababu siku moja nilimnyang'anya mmoja wenu mkasi. Alikuwa anakata bafta nyeupe kwa kukisia tu, simu imebanwa begani, kitambaa kinakwenda upande kama mbuzi aliyeona majani. Nikamwonyesha. Unachana ukingo kidogo, unashika uzi mmoja, unauvuta polepole mpaka utoke wote. Pale ulipokuwa uzi huo panabaki mstari mwembamba ulionyooka kuliko chaki yoyote, na hapo ndipo unapopasua kwa mikono. Kijana akaniuliza nani alinifundisha mambo ya kizamani namna hiyo. Nikamwambia ni Haji Diriye. Akaniuliza Haji Diriye ni nani.

Swali hilo lilinikosesha raha. Nilirudi nyumbani nalo. Mtu aliyewafunika babu zenu kwa mikono yake hajulikani na wajukuu zao, na sisi tuliomjua bado tuko hai, tunakula ugali. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Mtanisamehe nikiruka huku na huku. Mimi ni fundi wa nguo, si wa vitabu, na kumbukumbu zangu zimekaa kama vipande ndani ya gunia: unatafuta cheupe, unatoa chekundu.

Haji Diriye alikuwa mfanyabiashara. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana mtu akishafariki watu humfanya malaika, na Haji hakuwa malaika. Duka lake lilikuwa hapa mjini Garissa, kuta za mawe, mabati juu, baraza pana mbele. Aliuza nguo, sukari, majani ya chai, kamba na tochi, na alinunua ngozi kutoka kwa wafugaji. Alipenda kubishana bei kuliko kula. Mteja akikubali bei ya kwanza, Haji alisononeka mchana kutwa, anasema yule mtu amemdharau. Mimi mwenyewe alinibana kwenye uzi. Bobini ikiisha alikuwa anaigeuzageuza mkononi kuona kama kweli imeisha.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa na kazi nyingine isiyokuwa na mshahara. Alizika watu. Mgeni akifa Garissa bila jamaa, Haji alimwosha, akampa sanda kutoka dukani kwake, akachimba kaburi pamoja na wachimbaji mpaka jasho likalowesha kikoi. Maskini akifiwa hakuhitaji hata kuomba. Angekuja tu asimame mbele ya baraza, Haji angemwangalia usoni na kuingia ndani kuchukua jora la bafta. Lori lake lilipeleka wagonjwa hospitali na mapipa ya maji kwa watu waliokusanywa kambini kwa amri ya serikali wakati wa vita, na dereva alijua kwamba safari hizo haziulizwi faida.

Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwenye duka mwingine. Nguo ya sanda haikupimwa juu ya kaunta. Kaunta, alisema, ni ya faida. Alilibeba jora mpaka barazani, akalitandaza juu ya mkeka safi karibu na cherehani yangu, na hapo ndipo tulipopimia, kwa mkono, si kwa fimbo ya duka.

Sasa nieleze nilivyofika. Mimi ni Mkamba wa upande wa Mwingi, mtu wa kanisa hadi leo. Nilivuka daraja la Tana na cherehani ya miguu juu ya lori la vitunguu, wakati vita vya serikali na shifta, wale wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga, vimeshaanza na watu wenye akili zao wanarudi walikotoka. Fundi wa kwanza wa Haji alikuwa amekimbia. Wakati ule ukivuka lile daraja ulihesabiwa umetoka Kenya. Ndivyo wenyeji walivyosema, na wengine wanasema hivyo hadi leo: "Wewe natoka Kenya?" Nilikuwa kijana, sina mke, nina njaa. Kupigwa risasi lilikuwa jambo la labda, lakini njaa ilikuwa ya hakika.

Haji alinipa baraza niweke cherehani, akanionyesha chumba nyuma ya duka, akaniambia maneno machache. Niseme kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikitoka b na v ikitoka f, cha kutosha kuuza na kununua, na kilikuwa kizuri kusikiliza. Jumapili ya kwanza nilikaa kwenye cherehani nikidhani nitafukuzwa nisipofanya kazi. Akaja, akaifunika cherehani kwa gunia mwenyewe, akasema leo ni siku yangu, niende nikaombe. Tangu siku hiyo hakuna Jumapili aliyosahau. Kwa miaka yote tuliyokaa pamoja hakunisukuma niiache dini yangu hata mara moja, na mimi nikajifunza kunyamazisha pedali adhana inaposikika.

Kosa langu la kwanza pale barazani lilikuwa kubwa, na lilikuwa la upendo. Alikufa mzee mmoja mchunga ngamia aliyeheshimika sana. Haji alikuwa amekwenda kushughulikia kaburi, akaniachia bafta na maagizo kwamba nitayarishe sanda ya mtu mzima, vipande vitatu. Kwetu tulimzika mtu na suti yake kama anayo. Sikujua sanda ni nini, nilijua tu kwamba ni nguo ya mtu mkubwa anayeondoka, na nikaamua hataondoka na kingo zinazochuruzika nyuzi. Nilipiga upindo pande zote za vile vipande vitatu. Pembeni nilikunja kwa pembe, kazi ile ya mashuka ya harusi. Nikanyoosha kwa pasi ya makaa, nikakunja, nikapeleka msikitini mwenyewe nikiwa na fahari kubwa.

Waoshaji waliifungua, wakaangaliana. Hakuna aliyenitukana. Mmoja aligeuka ukutani mabega yakimtikisika, sikujua kama analia au anacheka. Baadaye nilijua. Haji alikuja akaketi chini kando yangu, akatoa wembe mfukoni, akanipa na mimi mmoja, tukaanza kufumua ule upindo mshono kwa mshono huku watu wanasubiri.

"Wewe nashona fizuri, Fundi," akasema. "Lakini hii safari habana uzi."

Ndipo akanieleza kwamba kwao maiti hufungwa kwa nguo isiyoshonwa, vipande vitatu kwa mwanamume, na vitambaa vya kufungia hupasuliwa kutoka nguo ileile. Akanifundisha kuvuta uzi. Akanifundisha kipimo: urefu wa mtu, uongeze kiganja na mkono kila upande, ili pabaki pa kufunga kichwani na miguuni. Mjini nilitaniwa kwa kosa hilo mpaka nikazoea. Mtu akipita barazani aliniuliza kama sanda yake nitaitia na mifuko.

Siku moja ya mvua, nikiwa nimeshaaminika kula na wenyeji wangu, Haji alinionyesha kilichokuwa ndani ya sanduku lake la bati. Ilikuwa ihramu yake, vile vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa ambavyo mwanamume huvaa Maka, kimoja kiunoni na kimoja begani. Alikwenda hija kwa meli kutoka Mombasa akiwa kijana, biashara yake ikiwa bado changa, na safari hiyo nusura immalize. Huko alivifua vile vitambaa kwa maji ya Zamzam, akavikausha, akarudi navyo azikwe navyo. Mahujaji wengi hufanya hivyo. Mke wake, Mama Sahra, alikuwa akivitoa kila mara kuvifukiza kwa unsi, ule ubani wenu wa Kisomali, na ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni kwa kamba.

Haji alivigusa kwa ncha za vidole. Aliniambia kila kitu kingine alicho nacho anaweza kukiuza akipata bei, na nilimwamini kabisa. Hivi viwili pekee alikuwa ameviweka kwa siku ya kuzikwa kwake, na akaniomba siku hiyo ikifika niwe mimi wa kuhakikisha vimenyooka, kwa sababu mikono yangu inajua kitambaa. Nikakubali. Nilikuwa kijana, niliona ni mbali sana.

Halafu ukaja msimu ambao barabara ilifungwa. Malori yalikuwa hayaruhusiwi kwenda bila msafara wa askari, na msafara haukuja, kwa sababu ya mabomu yaliyotegwa njiani. Sukari ikaisha kwanza, tukanywa chai ya chumvi. Kule kambini homa ikaingia, watu wamebanana na mifugo yao imechukuliwa, na karibu kila siku mtu alikuja kusimama mbele ya baraza. Haji alitoa bafta mpaka jora la mwisho likabaki kijiti cha katikati. Kitambaa cha marekani nacho kikaisha. Kwenye rafu pakabaki kaki ya kushonea askari, na vitambaa vya maua vya akina mama.

Asubuhi moja lori la askari likaingia kutoka upande wa Modogashe na maiti wawili. Mmoja alikuwa dubas, wale askari wa utawala waliovaa vilemba vyekundu. Alikuwa Mborana kutoka Buna, Mwislamu, mtu mfupi mwenye mwili. Wa pili alikuwa kijana wa Kisomali, mrefu, mwembamba, aliyekuwa na shifta. Walikufa katika mapigano yaleyale. Dubas alishushwa taratibu na wenzake. Yule kijana aliachwa ndani ya lori, na habari ikaenea kwamba atalazwa sokoni ili watu wamwone wajifunze.

 Wazee waliotaka kusema waliogopa kuitwa shifta, na waliofurahi waliogopa kuonekana wanafurahi. Haji alivua kofia, akavuka barabara, akasimama mbele ya ofisa. Mimi nilimfuata kwa sababu miguu yangu ilinifuatisha, si kwa ujasiri. Aliomba apewe maiti wote wawili, awaoshe. Ofisa akamwambia amchukue dubas, huyo mwingine ni adui.

Haji akasema, "Asubuhi alikuwa adui yako. Sasa ni kazi yangu."

 Ofisa alikuwa kijana vilevile, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi, na nadhani alikuwa amechoka kuwa na maiti. Akageuka akaingia ofisini bila kujibu. Haji hakungoja jibu jingine. Aliwaita wachukuzi, tukawapeleka wote wawili nyuma ya msikiti.

Walipooshwa ndipo tukakumbuka kwamba hatuna nguo. Nilitumwa nizunguke maduka yote, na kila duka lilikuwa kama letu. Mtu mmoja akashauri tutumie tulicho nacho, dini haimkalifishi mtu asichokiweza: dubas afungwe kaki, kijana afungwe maua. Haji akakataa. Hakukasirika, alieleza tu. Alisema kaki ikienda kwa mmoja na maua kwa mwingine, kesho mji wote utazungumza nani aliheshimiwa na nani alichekwa, na wale wawili wataendelea kupigana juu ya ardhi wakati wao wako chini yake. Walihitaji nguo mbili za aina moja, nyeupe.

 Mimi nikajua kabla hajanyanyuka, na nikatamani nisijue.

Tulikwenda nyumbani kwake. Mama Sahra alikuwa uani anakamua maziwa ya mbuzi mmoja aliyebaki. Walisemezana Kisomali, nami wakati huo nilikuwa nimeanza kukielewa. Haji alimwomba ufunguo. Mama Sahra akashika kifua pale ufunguo ulipokuwa, hakuutoa.

"Na wewe?" akamwuliza. "Siku yako wewe utavaa nini?"

"Siku yangu mimi nitakuwa nimelala," Haji akasema. "Watatafuta wengine."

Mimi nikajitia kwenye mazungumzo ya mtu na mkewe, jambo ambalo siwashauri. Nikasema Haji, hii ni ya Zamzam, umeitunza miaka yote, na hawa hata huwajui. Akaniambia ni kweli hawajui. Akasema pia kwamba mama zao wanawajua, na mama hao hawapo, na tuliopo hapa ni sisi. Mama Sahra alikuwa analia bila sauti. Kisha akainamisha kichwa, akaivua ile kamba mwenyewe, akafungua sanduku mwenyewe. Alivitoa vile vitambaa, akavinusa, akavifukiza tena kwa unsi kama desturi yake, ndipo akampa mumewe. Nimeona watu wakitoa vitu vingi maishani mwangu, lakini sijaona tena mtu akitoa hivyo.

Tukarudi navyo chumba cha kuoshea maiti, nyuma ya msikiti. Kwa kawaida mwanamume hufungwa vipande vitatu, ila pasipokuwa na nguo, kimoja kinachomfunika mwili wote kinatosha. Tatizo ni kwamba vile viwili havikuwa sawa. Cha begani kilikuwa kirefu, kimezidi mwenzake zaidi ya dhiraa. Dubas mmoja, rafiki wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na bunduki yake, na alipoona akasema kirefu kiende kwa mtu wa serikali. Mzee mmoja wa Kisomali akasema kwa sauti ya chini kwamba kirefu kiende kwa mtoto wetu.  Haji akavikabidhi vyote kwangu.

"Angalia urefu, Fundi," akasema. "Usiangalie kilemba."

Nikapima. Sijawahi kupima kwa uangalifu kama siku ile. Nilipima kwa mkono kutoka kisigino mpaka utosini, nikaongeza pa kufunga, mmoja kisha mwingine. Yule dubas mfupi alienea kwenye kitambaa kifupi vizuri kabisa, pakabaki pa kufunga kichwani na miguuni. Kijana mrefu alihitaji kile kirefu, na hata hivyo kilimtosha kwa shida. Nikawaambia hivyo, kama fundi anavyomwambia mteja. Nikasema kirefu kikienda kwa mfupi kitajikunja miguuni, na kifupi kikienda kwa mrefu nyayo zitabaki nje. Hapakuwa na la kubishana. Yule dubas wa mlangoni aliegemeza bunduki ukutani, akaja akashika ncha ya kile kitambaa kirefu, maana kilihitaji watu zaidi. Walizikwa kabla ya alasiri, makaburi mawili ubavu kwa ubavu, na Haji aliingia katika yote mawili kuwapokea.

Nyinyi vijana mtadhani Haji alishangiliwa. Alichukiwa na pande zote mbili. Ofisa, au mkubwa wake, aliamuru duka lifungwe, na Haji akachukuliwa kuulizwa ana uhusiano gani na shifta hata akawapa nguo yake mwenyewe. Mimi pia niliulizwa alisema nini siku ile. Nikasema alisema niangalie urefu. Wakaniuliza maana yake nini, nikasema mimi ni fundi wa nguo, maana yake ni urefu. Upande wa pili, kuna watu wa mjini waliosema Haji amemfunika askari kwa nguo ya Maka, na kwamba huyu fundi wake ni jasusi wa Kenya, aondoke kabla hajaondolewa.

Nikafunga mzigo. Haji akarudi kutoka kuulizwa, amekonda, hatua zake si zile, na kitu cha kwanza alichoomba ni chai, cha pili akauliza cherehani yangu iko wapi. Nilipomwambia nimeifunga kwa safari, aliibeba yeye na mwanawe Abdi mpaka nyumbani kwake, akaiweka mlangoni, pale ambapo mtu hawezi kuingia kwa Haji bila kunipita mimi. Akasema anayemtaka Fundi abishe hodi kwanza. Nikala sahani moja na watoto wake mpaka duka likafunguliwa. Hakuna aliyebisha hodi kwa ubaya. Sikurudi Mwingi isipokuwa kwenda kuoa, na hadi leo nikiona mlango wa nyumba ile nashukuru kwa sauti, watu hunidhani nazungumza peke yangu.

Vita vilikwisha. Misafara ikawa malori ya kawaida, jora za bafta zikajaa rafu tena, na Haji akaendelea kuzika. Nilimwuliza mara kadhaa kama ananunua nyingine ya kuweka sandukani. Alikuwa anacheka tu. Sanduku lilikaa tupu, na Mama Sahra bado alivaa ufunguo.

Miaka ikapita, Haji ameota mvi ndevu zote, akaja mwanamke mmoja kutoka Modogashe. Hakununua kitu. Alisimama mbele ya baraza kama walivyosimama watu wa zamani, nikadhani amefiwa. Akauliza yuko wapi mtu aliyemfunika kaka yake. Alikuwa dada wa yule kijana mrefu. Habari ilimfikia kupitia wenye malori, kwamba kaka yake hakulazwa sokoni, na kwamba alizikwa na nguo ya Maka. Naye akakaa na habari hiyo mpaka alipopata kwenda hija na mumewe. Alikuwa amebeba kitambaa kimoja cheupe, kirefu, alichokifua kwa Zamzam kwa mikono yake.

Haji alikipokea. Alimpeleka makaburini. Hapakuwa na alama yoyote, lakini Haji alijua, na hata mgeni angeweza kujua, kwani moja lilikuwa refu kuliko jingine. Yule mwanamke aliomba dua kwenye yote mawili. Kwa upande wa Buna hakuja mtu. Haji aliwauliza madereva wa huko kwa miaka, hakupata jamaa wa yule dubas, na hilo lilimsumbua mpaka mwisho.

Hivyo sandukani kukawa na kitambaa kimoja. Mimi nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikwenda duka jingine, si la Haji, asije akaniuliza na kuanza kubishana bei, nikachagua bafta nzuri kuliko zote. Nikavuta uzi, nikapasua kwa urefu wa Haji, nilioujua kwa macho baada ya kumshonea kanzu zake zote. Nikaikunja, nikaiweka nyumbani kwangu. Mke wangu aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mteja asiye na haraka.

Haji Diriye alifariki mzee sana, asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kulalamika kwamba chai ina sukari kidogo. Mji ulifunga maduka bila kuambiwa. Nilichukua kitambaa changu nikaenda, na njiani nikaanza kuogopa. Mimi si Mwislamu. Kitambaa changu hakijaona Maka wala Zamzam, kimeona Mwingi tu. Abdi alikuwa na duka zima la bafta. Nilipofika wanapooshea nikasimama nje, nimekikumbatia, sijui hata nibishe hodi kwa maneno gani.

Kijana mmoja nisiyemfahamu akaniambia kwa adabu kwamba sanda ipo, mzee, asante. Ndani walikuwa na kile cha dada wa Modogashe, na Abdi ameshatoa cha pili dukani. Nikageuka niondoke. Mama Sahra alikuwa ameketi mlangoni pamoja na wanawake, macho yake yamekwisha kufifia, lakini aliijua sauti ya miguu yangu.

"Lete, Fundi," akasema. "Bado cha tatu."

Sheikh wa msikiti akatoka. Aliutazama mzigo wangu, akanitazama mimi, naye alinijua tangu enzi za ule upindo wangu. Niliona watu wanangoja aniulize dini, au kitambaa kimetoka wapi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Imeshonwa?"

Nikamwambia haijashonwa, haina hata uzi mmoja wa sindano. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia niingie nikahakikishe zimenyooka.